Visanduku Vitano

Tangu apigwe na kiharusi, majina ya vitu yalimponyoka mzee fundi saa kama skrubu ndogo vidoleni. Lakini chemshabongo hii ya wanyama wa miaka ya Kichina aliapa kuimaliza mwenyewe. Panya, joka, farasi... kumi na mmoja tayari kati ya kumi na wawili. Vilibaki visanduku vitano vya herufi na dokezo: "Huwika alfajiri."

Mkewe akafunua ukurasa wa majibu. "Nikunong'oneze, baba watoto?"

"Thubutu!" Akaunyakua, akauchana vipande vipande.

Akakaza macho, penseli ikimtetemeka. Uani kwa jirani kukasikika kuwika, mara moja, mara ya pili. Mkewe akajiuma midomo.

Uvumilivu ukamshinda mzee. Akapiga meza.

"Hebu mnyamazishe huyo jogoo, nataka kufikiri!"

Mkewe hakuinuka. Penseli ilikuwa imeacha kutetemeka, tayari ikijaza kisanduku cha kwanza.