Makaroni ya Bilinganya

Bi Khairiya alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha hadi karibu na jiko, akimtazama mke wa mwanawe akipanga vipande vya bilinganya ndani ya sufuria.

"Na makaroni utatia saa ngapi?"

"Hayana nafasi humu, Mama. Bilinganya ndiyo makaroni yenyewe."

"Na nyama?"

"Uyoga."

Bi Khairiya akacheka kwa pua. Pangani nzima, harusi haikuwa harusi bila sinia la makaroni yake ya kuoka, nyama ya kusaga imejaa hadi inachuruzika mafuta. Leo, kwa vile daktari kasema sukari imepanda, analishwa majani kama mbuzi wa Idi.

"Makaroni ya bilinganya," alisema. "Na fisi mkimvika kanzu mtamwita shekhe."

Mkwewe alinyunyiza jibini, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, vilevile alivyofundishwa na Bi Khairiya mwenyewe.

Haikupita muda, kukanuka kuungua.

"Hata bilinganya unaunguza," alisema Bi Khairiya, moyo umemtulia.

Mkwewe alifunua haraka. Jibini ilikuwa bado nyeupe, haijayeyuka hata pembeni. Ndipo macho yake yaliposhuka chini, yakaganda.

Kaa moja lilikuwa limedondoka kutoka kwenye mfuniko. Lilikuwa jekundu, limetulia juu ya mguu wa Bi Khairiya, nyuma ya kidole gumba, na ngozi ilikuwa inatoa moshi mwembamba.

"Mama, husikii moto?"

Bi Khairiya alifungua kinywa atukane, ila akangoja kwanza maumivu yaje. Hayakuja.