Baiskeli ya Kupunga Upepo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, baiskeli ilishuka mteremko wa Kihesa ikiwa haijabeba kitu.

Hilo peke yake lilitosha kuwachekesha watu. Iringa baiskeli hubeba pombe ya ulanzi, mkaa, viazi, au mgonjwa. Hii ilikuwa haina hata keria. Eliezeri, afisa mifugo mstaafu, aliinunua mwaka juzi kwa ajili ya kupunga upepo tu, na keria akaing'oa kwa mkono wake mwenyewe ili iwe nyepesi. Tangu hapo mtaa ule haukuhitaji jogoo.

Asubuhi hii juu ya baiskeli kulikuwa na kofia ngumu nyekundu, miwani ya jua katikati ya ukungu, na kaptura nyeusi ya kubana iliyofika mwisho wa uvumilivu wake. Miguu ilitafuta pedali kama mtu anayetafuta ndala gizani.

"Kamwene, mzee Eli," Happy muuza maandazi aliita kutoka jikoni kwake, kando ya barabara. "Unafukuza au unafukuzwa?"

Mpanda baiskeli alikohoa mara mbili, akainua kidevu kama askofu anayepita katikati ya waumini.

"Napunga upepo, binti. Mwili ni shamba. Usipolima, magugu."

Wateja walicheka mpaka chai ikamwagika. Happy alijifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Mkeo hajatia kitu mdomoni toka Jumanne, wewe uko barabarani unalima mwili."

"Akiniona atakula."

"Akikuona hivyo atatapika."

"Si atakuwa amefungua mdomo?"

Na hilo ndilo lililomtoa nje kwenye baridi ile. Paskalina, mke wa Eliezeri, ana kisukari, na vidonge vyake havimezwi na tumbo tupu. Siku ya tatu sasa anatazama ukuta. Mchungaji alimsihi, akapewa mgongo. Shangazi alikuja kutoka Chimala na gunia zima la mchele. Wali ukapikwa, ukapoa, wakala wengine. Alfajiri mdogo wa Paskalina, Goodness, alisema asipokula leo wanamkimbiza hospitali. Kisha akaitoa baiskeli stoo, akaisukuma mpaka mlangoni.

"Nenda ukazunguke mji," alisema, "halafu urudi kwa mbwembwe zote. Labda atatukana."

Maana hiyo ilikuwa ndiyo desturi ya nyumba ile. Miaka miwili, kila baiskeli iliporudi, Paskalina alikuwa mlangoni na tusi jipya, na hakuwahi kurudia la jana. Kuna majirani walioamka mapema kwa ajili ya hilo tu.

Eneo la Mashine Tatu, mji ulishachangamka. Lori la mbao la kutoka Mafinga lilipiga honi nyuma yake, bajaji zikambana kushoto. Mwenye akili zake angejiweka pembeni. Yeye aliinua kiganja kimoja, taratibu, akalibariki lori, na nusura aingie mtaroni.

"Mzee," Zabron wa bodaboda aliita kutoka kijiweni, "hiyo kaptura umevaa au umepakwa?"

"Ni ya mazoezi."

"Nani anafanya mazoezi, wewe au kaptura?"

Kilima cha kurudi Kihesa kilimshinda. Alibonyeza gia hii, akabonyeza ile, cheni ikalia kama mbuzi anayevutwa machinjioni. Mwishowe akashuka, akasukuma.

Zabron alikuwa amemfuata na pikipiki, mwendo wa kinyonga, wenzake wanne nyuma yake wakipiga honi kama harusi.

"Leo unasukuma?"

"Naitembeza. Nayo ina haki ya kupunga upepo."

Walipompita Happy, naye aliepua karai, akaunga msafara na wateja wake wote, vikombe mkononi.

Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Ndugu wa Kalenga walijaa kwenye mabenchi wakinywa chai, wanawake walikuwa kwenye masufuria, na pikipiki zile zikaongeza watu na moshi. Kila mtu alitazama mlangoni. Paskalina alikuwa amekaa pale ndani kidogo, kikombe cha uji mbele yake kimeshika utando.

Mpanda baiskeli hakusalimia mtu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakohoa mara mbili, akaweka mguu mmoja juu ya ngazi, mikono kiunoni, akaanza kunyoosha viungo mbele ya kadamnasi. Kaptura ikachanika nyuma, kwa sauti. Aliendelea kunyoosha viungo kana kwamba iliyochanika ni ya jirani.

"Paskalina, mama," alisema, "chai iko wapi? Upepo wa leo ni daraja la kwanza."

Paskalina alimtazama kuanzia kofia mpaka soksi. Mabega yakaanza kumtikisika. Goodness akadhani ni kilio, akainuka amshike. Kilikuwa kicheko, kile cha tumboni, kikamjia mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alivuta kikombe, akapiga funda la kwanza, akapiga la pili, akaufuta mdomo kwa kiganja.

"Ambrosi, mtani wangu, Mngoni usiye na haya," alisema, "kavue nguo za marehemu Eli uzishone. Jeneza linafika saa nne, na sitaki azikwe amenuna."