Shingo ya Wakoli

Wakoli alikuwa amechutama nyuma ya toroli la mayai, kola nyeupe ya hospitali imemkaba shingoni, akimwomba mwuzaji, Muriuki, asogeze ndoo ya kachumbari imzibe vizuri.

"Leo unamkwepa nani?" Muriuki akauliza. "Yule kijana wa simu?"

"Mama mkwe. Ameshuka ngazi, anaenda sokoni."

Muriuki alicheka hadi kijiko kikamponyoka. Alikuwa mgeni hapo Kayole, na mgeni hata katika kazi ya mayai. Ukimenya yai lake, ute unakutiririkia hadi kwenye kiwiko. Lakini alijua kusikiliza, na tangu lori la soda limgonge kutoka nyuma kwenye foleni ya Donholm, Wakoli alikuwa na mengi ya kusema.

"Mama mkwe ni wa kukimbiwa? Kwetu anachinjiwa mbuzi."

"Sisi Wabukusu hatumtazami usoni. Hatuli pamoja, hatushikani mikono. Akiingia kwa mlango huu, natokea kwa ule. Amekuja kuniuguza, na sasa mimi ndiye nalala kwa rafiki yangu Patrobas."

"Hata ukiwa mgonjwa?"

"Hata nikiwa maiti. Watanilaza kifudifudi."

Ukweli ni kwamba ugonjwa wenyewe ulikwisha zamani. Shingo iliuma wiki mbili, ikaacha. Kola ilibaki kwa sababu ya wakili.

"Kuanzia leo hiyo shingo si yako," wakili alimwambia. "Ni ya kesi. Na ujue watu wa bima wameshatuma mtu wa kukuchunguza."

Wakoli alimjua huyo mtu siku hiyo hiyo. Ni Keynan, mpangaji mpya wa jengo la mkabala, aliyeshinda kwenye roshani na simu mkononi, kazi yake haijulikani. Basi Wakoli akaacha kugeuza kichwa. Ukimwita, anazunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Barabara anaivuka upande upande, kama kaa.

"Baba Triza," mkewe Khalayi alimwambia kabla mama yake hajafika, "usiku unapinduka kitandani kama samaki kwenye karai. Asubuhi unakuwa mlingoti. Mimi nishike lipi?"

"Shika kimya chako. Unataka mashine ya kusaga au hutaki?"

Alitaka. Walikuwa wamekwisha chagua kibanda karibu na Spine Road, na rangi ya mlango, na mahali pa kuning'iniza mizani. Kesi ikishinda, Wakoli angesaga unga wake mwenyewe, akiwa bosi wa vumbi lake. Ikishindwa, angerudi kuendesha gari la mikate la mtu mwingine, alfajiri mpaka jioni, hadi meno yamtoke.

Lililobaki lilikuwa kupimwa na daktari wa bima.

"Ni kesho, sivyo?" Muriuki aliuliza, akampa yai la bure. Wakoli alilimenya, ute ukamwagikia kola. "Mzee, wale madaktari ni wajanja. Usigeuke."

"Sigeuki hata Yesu akirudi. Shida yangu ni huyu mama. Khalayi anasema ameapa kunifuata na uji hadi huko huko. Anaona sili vizuri kwa Patrobas."

"Pole," akasema Muriuki, na uso wake ulionyesha kwamba pole hiyo ilitoka moyoni.

Kliniki ilikuwa Buruburu, ghorofani, chumba chenye mlango mmoja na dirisha la vyuma. Daktari alimpapasa. Akambonyeza. Akamwambia afuate kidole kwa macho. Kisha, bila neno, akaangusha sinia la chuma nyuma yake, sakafu ikalia. Wakoli hakupepesa. Daktari akamwita jina kutoka pembeni. Wakoli akazunguka mwili mzima, pole pole, akiguna njia nzima.

Daktari akashusha pumzi, akafunga faili.

"Basi, Bwana Wakoli. Umeumia kweli. Sina la kuongeza."

Wakoli alianza kusikia mahindi yakisagika. Aliona mlango wa kibanda, rangi bado mbichi, na watu wamepanga foleni na madebe yao.

Mlango wa kliniki ukagongwa. Daktari akachungulia nje.

"Kuna mama hapa na chupa ya uji. Anasema ni mama mkwe wako. Karibu ndani, mama."

Wakoli aliona pindo la leso na kandambili moja ikivuka kizingiti. Hakuona zaidi. Shingo ilizunguka yenyewe, kwa kasi ya kuku aliyeona mwewe. Kidevu kikapita bega, kola ikafyatuka, ikaruka hadi kwenye sinki. Akabaki ameganda hivyo, pua ukutani, macho ameyafumba, amejaa heshima.

Kisha harufu ya kachumbari ikamfikia.

"Mkwe," sauti nzito ya kiume ikasema nyuma yake, "leo mayai nimeyachemsha hadi yakaiva."