Dawa ya Kufukuza Usingizi

"Meza sasa hivi," Ratilal, Mhindi mwenye duka, alisema, akamtia dereva wake kidonge kiganjani kabla lori halijatoka Handeni.

Athuman alikitazama. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. "Dawa gani hii, Seti?"

"Ya nguvu."

"Haina madhara?"

"Hata mtoto anameza. Twende, bwana!"

Huo ulikuwa uongo mtupu, na Ratilal aliusema bila kupepesa jicho. Nyuma ya lori, juu ya godoro, alilala mkewe Geeta. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto amekataa kushuka. Daktari wa kumpasua alikuwa Korogwe. Na dereva ndiye huyu Athuman, aliyeingia asubuhi hiyo kutoka Morogoro na shehena ya sukari, unga, na tende za Ramadhani iliyokuwa mlangoni, usiku kucha hajafumba jicho. Handeni nzima hapakuwa na dereva mwingine siku hiyo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Vidonge vilitoka kwa Dominiko, dresa wa zahanati, aliyerudi navyo mwaka uliopita kutoka vita vya Burma. Alimweleza Ratilal kila kitu. Dawa hiyo haitokani na mti wala mzizi, Wazungu wanaipika kiwandani. Haimwongezei mtu nguvu hata chembe, inaudanganya mwili tu usijue kwamba umechoka. Moyo hukimbia, kinywa hukauka, hamu ya chakula hufa, mikono hutetemeka.

"Kimoja," Dominiko alisema. "Akizidiwa na usingizi, cha pili, tena baadaye sana. Nimeona askari waliobugia vingi kwa mara moja. Moyo haukustahimili. Mwambie dereva."

Ratilal hakumwambia. Akikataa, nani ataendesha?

Athuman alipeleka kiganja mdomoni, uso ameugeuzia dirishani, kisha akatia gia. Ratilal akamnyooshea chupa ya maji.

"Sihitaji, Seti."

Lori lilikuwa kuukuu na barabara mbovu, kila shimo lilimtoa Geeta ukelele. Bibi Hamisa, mkunga aliyekaa naye, alikuwa akimgombeza kwa sababu alijifunika nguo kila walipopita kwenye watu. "Mficha uchi hazai, mwanangu! Achia hiyo nguo nikutazame!"

Walipofika Sindeni, Ratilal aliona dalili alizoambiwa. Midomo ya Athuman ilikuwa imekauka mpaka inapasuka. Alitema mate nje ya dirisha. Ratilal akafungua kikapu, akampa chapati na bilauri ya chai. Athuman alitikisa kichwa.

"Hujala tangu asubuhi."

"Wala sina haja, Seti. Tufike kwanza."

Dawa imeshika, Ratilal alijiambia, na moyo wake ukatulia kidogo.

Haukutulia sana. Mbele kidogo lori lilianza kwenda upande, polepole, likiufuata mtaro. Kichwa cha Athuman kilikuwa kimeanguka kifuani. Ratilal alipiga kelele, akaukamata usukani, na magurudumu yakarudi barabarani kwa bahati tu.

"Nisamehe, Seti," Athuman alisema, akijipiga makofi mashavuni.

Ratilal akampa kidonge cha pili. Nyuma, Geeta alikuwa hapigi tena kelele, na kimya hicho kilimtisha kuliko kelele zote. Baadaye macho ya Athuman yalipolegea tena, akampa cha tatu, kisha kingine, na kingine. Kila mara mkono ulikwenda mdomoni, uso ukaenda dirishani. Kila mara maji yalikataliwa.

Sasa mikono ya dereva ilitetemeka juu ya usukani. Shingoni mwake mshipa ulipiga mbiombio. Ratilal aliutazama mshipa ule kuliko alivyoitazama barabara, na aliona haya. Namuua mtu, aliwaza. Namuua mtu mwema ili mke wangu apone, naye hata hajui. Alimwomba Mungu wake asimlazimishe kuchagua. Lakini hakusema neno, na lori likavuka daraja la Mto Pangani likaingia Korogwe.

Manesi walimbeba Geeta mbiombio. Ratilal alisimama nje ya mlango uliofungwa, akihesabu maovu yake, mpaka aliposikia kilio chembamba cha mtoto. Daktari akatoka akiwa amelowa jasho. Mama na mtoto walikuwa salama. Wangechelewa kidogo tu, alisema, angewakosa wote wawili. Ratilal alilia mbele za watu bila kujali.

Kisha akamkumbuka dereva, akatoka mbio.

Athuman alikuwa ameketi kwenye ngazi za hospitali, ameegemea nguzo. Alikuwa hai, anapumua vizuri. Ratilal aliona kifua chake mwenyewe kikifunguka. Hakutaka kumtuma mtu. Alikwenda akateka maji mwenyewe, akampelekea bilauri kwa mikono miwili.

"Ni mvulana, Athuman. Mama yake mzima."

"Alhamdulillahi." Athuman alipokea maji lakini hakunywa. Alitega sikio kuelekea mjini, jua likizama, mpaka adhana ya magharibi iliposikika.

"Uniwie radhi, Seti," alisema. "Leo nalipa siku niliyokula Ramadhani iliyopita. Niliona haya kukukatalia dawa yako, na shida uliyokuwa nayo."

Akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa vidonge vyote alivyopewa tangu Handeni, akasema Bismillahi, na kabla Ratilal hajapata sauti, alikuwa amevirushia mdomoni kwa mkupuo na kuvishushia maji.