Uchovu Anaoubeba Mama

Siku hizi mkunga akitoka zamu, uchovu wake huhamishiwa kwa ndugu mmoja wa nyumbani, ili arudi wodini akiwa mzima. Wangu anaubeba mama. Tunagusanisha bangili zetu, mimi nanyanyuka mwepesi, yeye anajilaza mkekani.

"Wamezaliwa wangapi leo?" huniuliza, apate kuwaombea dua.

Jana sikwenda zamu yangu ya usiku. Nilikuwa kwenye harusi ya shoga yangu Mwanamize, nikacheza tangu alasiri mpaka viatu vikanishinda. Asubuhi nikaileta bangili kama kawaida.

"Wangapi leo, mwanangu?"

"Watatu, mama. Wote wazima."

Akawaombea mmoja mmoja. Kisha akaanza kujikanda miguu.

"Siku zote huniuma mgongo," alisema. "Leo mgongo hauna neno. Ni nyayo na nyonga tu."

Sikuweza kumtazama. Nikaleta maji ya moto yenye chumvi, nikapiga magoti kumkanda, naye akauvuta mguu wake taratibu.

"Bibi harusi alipendeza?"

Mama akaninyooshea mkono wenye bangili.

"Kama umebakisha uchovu, nimalizie. Wenye uchungu wanakusubiri."