Kibali cha Kiboko

Bwawani Kiboko ndiye aliyekuwa mkuu. Alipiga marufuku mkunga kumgusa mjamzito anayevuja damu mpaka yeye mwenyewe afike, aone, atoe kibali. Siku moja Paa, naye mjamzito, alivuja damu tangu asubuhi, Kiboko akiwa anaoga. Alipofika, Paa alikuwa ameshakufa.

Mwezi uliofuata, binti yake Kiboko naye akashikwa na uchungu, damu ikamtoka. Kiboko alikuja mbio, akamkuta mkunga Kima keshaanza kazi.

“Nani kakuruhusu?” akafoka.

“Hakuna, mzee. Niache?”

Kiboko alimtazama binti yake. “Endelea, mama,” akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto alipolia, Kima alinawa mikono taratibu.

“Maji haya kayateka baba yake Paa,” akasema. “Yuko hapo nje. Nenda kamshukuru.”