Povu Shingoni mwa Mtungi

Kila asubuhi, kabla mumewe hajawasha moto wa kuchomelea, Ghaliya hupaka povu la sabuni kwenye shingo ya mtungi wa gesi waliokodi. Povu likitulia husema, "Salama," na kazi ikaanza hapo uani kwao, mtaani Mabela.

Leo halikutulia. Kiputo kimoja kilichomoza chini ya koki, kikavimba taratibu, kikapasuka. Kikaja kingine.

"Vipi, bi mkubwa?" mumewe alicheka. Tangu aoe mke wa pili, hakumwita tena kwa jina. "Unaukagua au unauogesha? Geti la nyumba ya mke mwenzio linangoja."

Ghaliya alilifuta povu kwa upindo wa kanga.

"Salama," alisema.

Mumewe alivaa miwani, akachukua kiberiti. Ghaliya alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Moyo wake ulikuwa umetulia tuli, na utulivu ule ndio uliomtisha. Alimrukia, akampokonya kiberiti.

"Una wazimu, we mwanamke?"

"Mtungi unavuja. Nimeona, nikakwambia salama." Hakuinamisha macho. "Nilitaka uungue, Yaqoob. Uungue, kisha akuuguze yeye."